Kusimamia ubora wa huduma za afya ya akili: njia ya mgonjwa kati ya Buyenzi na Kamenge

Programu ya kusimamia ubora ni utaratibu wa kudumu ambao taasisi ya afya hujiwekea ili kujua kama huduma yake inawafikia wanaoihitaji, inawasaidia kweli, na haiwadhuru. Pale inapopungua, taasisi huirekebisha kwa hatua zinazopimika. Ina kazi tatu zinazotegemeana: kuweka viwango, kupima huduma kwa viwango hivyo, na kubadilisha namna ya kufanya kazi mpaka vipimo viboreke. Kwa mkunga au daktari wa upasuaji, matokeo huonekana mapema: mtoto amezaliwa salama, kidonda kimefunga. Katika afya ya akili matokeo huchelewa, huonekana nyumbani zaidi kuliko wodini, na anayeyajua vizuri ni mgonjwa mwenyewe na jamaa zake. Ndiyo maana taasisi inayopima yale tu yanayotokea ndani ya uzio wake inapima nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi. Ubora wa huduma za akili hupotea zaidi njiani, kati ya nyumba na hospitali, na programu ya ubora inapaswa kujengwa kuifuata njia hiyo.

Mtaa na hospitali

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, katika komini ya Mukaza. Avenyu zake zimenyooka na kupewa namba. Kuna misikiti, madrasa, gereji, maduka ya vipuri, na soko la Ruvumera, ambalo lilizidi kufurika baada ya soko kuu la jiji kuteketea tarehe 27 Januari 2013. Familia nyingi zina asili ya Kongo, Tanganyika na mikoa ya ndani ya Burundi. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 viliigawa mitaa mingi ya jiji kwa misingi ya ukabila. Buyenzi ilibaki mtaa wa watu mchanganyiko. Mkataba wa amani wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, lakini mapigano yaliendelea kwa miaka kadhaa, na madhara yake kwenye nyoyo za watu hayakuisha siku bunduki ziliponyamaza.

Mgonjwa wa Buyenzi anayehitaji matibabu ya bingwa hupelekwa Kamenge, upande wa kaskazini wa jiji, kwenye kituo cha magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu kinachojulikana kwa herufi CNPK. Kituo hicho kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kinaendeshwa na watawa wa Frères de la Charité, shirika lililoanzishwa na Padri Petrus Jozef Triest mjini Gent, Ubelgiji, mwaka 1807. Shirika hilohilo linaendesha hospitali ya Ndera jijini Kigali, SOSAME ya Bukavu na Tulizo Letu ya Goma. Kwa hiyo sehemu kubwa ya historia ya matibabu ya akili katika eneo la Maziwa Makuu imepitia mikononi mwa watawa hao.

Jaribio kubwa la kuzitoa huduma hizo nje ya hospitali moja lilifanywa kati ya mwaka 2000 na 2008, shirika la HealthNet TPO lilipojenga mtandao wa washauri wa kisaikolojia katika jamii, Bujumbura na katika baadhi ya mikoa, pamoja na kliniki za afya ya akili ndani ya hospitali za mikoa. Wengi waliofika kwenye kliniki hizo walikuwa na kifafa, ugonjwa ambao nchini Burundi, kama kwa majirani zake, hutibiwa pamoja na magonjwa ya akili. Jaribio hilo lilionyesha kwamba watu huja pale huduma inapowasogelea. Liliacha pia swali ambalo kila programu ya ubora lazima ilijibu: mradi ukiisha na wafadhili wakiondoka, ni nani atakayehakikisha kwamba dawa zipo, muuguzi amefundishwa, na mgonjwa aliyepotea anatafutwa?

Ubora ni nini hasa

Mwaka 1966 daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Marekani, alipendekeza ubora utazamwe katika ngazi tatu: muundo, mchakato na matokeo. Muundo ni vitu na watu: majengo, vitanda, dawa, wauguzi. Mchakato ni yale wanayotendewa wagonjwa: kuchunguzwa, kuelezwa, kupewa dawa sahihi kwa kipimo sahihi, kufuatiliwa. Matokeo ni mabadiliko katika maisha: degedege zimepungua, usingizi umerudi, fundi amerudi gereji. Mgawanyo huo umedumu kwa sababu unazuia kosa la kawaida la kuhesabu muundo na kuuita ubora. Wodi iliyopakwa rangi upya haimaanishi kwamba waliolazwa ndani yake wanapona.

Mwaka 2001 Taasisi ya Tiba ya Marekani iliongeza malengo sita: huduma iwe salama, yenye ufanisi, inayomzingatia mgonjwa, inayotolewa kwa wakati, isiyopoteza rasilimali, na yenye usawa. Miaka mitano baadaye ilitoa taarifa nyingine iliyoeleza kwamba malengo hayohayo yanahusu magonjwa ya akili na uraibu, lakini kwa masharti yake. Katika fani hii mgonjwa anaweza kulazwa bila hiari, utambuzi hutegemea mazungumzo kuliko vipimo vya maabara, na huduma imetawanyika kati ya hospitali, familia, viongozi wa dini na polisi.

Kwa magonjwa ya akili, haki za mgonjwa ni sehemu ya ubora yenyewe. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa zana za QualityRights zinazokikagua kituo kwa mambo matano: hali ya maisha ndani ya kituo, haki ya kupata matibabu bora ya mwili na akili, uwezo wa mgonjwa kujiamulia, kulindwa dhidi ya mateso, kufungwa na kutengwa, na haki ya kuishi katika jamii. Zana hizo zimetokana na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Burundi iliuridhia mwaka 2014.

Uzoefu ambao Burundi tayari inao

Upimaji wa ubora si jambo geni kwa wahudumu wa afya wa Burundi. Tangu Aprili 2010 nchi nzima imekuwa ikitumia ufadhili unaotegemea matokeo, maarufu kama PBF, ulioanza kwa majaribio katika mikoa michache mwaka 2006. Kituo cha afya hulipwa kwa idadi ya huduma kilizotoa, na hupata nyongeza kulingana na alama za ubora zinazotolewa kila baada ya miezi mitatu kwa orodha ya ukaguzi. Vyama vya wananchi hupita mitaani kuthibitisha kama watu walioandikwa kwenye daftari wapo kweli, walihudumiwa kweli, na waliridhika.

Utaratibu huu umewazoesha wahudumu mambo matatu yenye thamani: daftari lisilo na mapengo, ukaguzi wenye ratiba, na wazo kwamba raia wa kawaida anaweza kuulizwa kuhusu huduma. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari, na maneno hayo yanafaa kwa dawa na kwa wagonjwa vilevile. Taasisi ya afya ya akili inayoanza programu ya ubora haina haja ya kubuni kila kitu upya. Wafanyakazi wake wanajua kukaguliwa.

Hata hivyo, PBF ilijengwa ikiwa na uzito kwa mama na mtoto, malaria, VVU na kifua kikuu. Huduma hizo huhesabika vizuri, kwa kuwa chanjo ni chanjo na kujifungua ni kujifungua. Ugonjwa wa akili unaodumu hauhesabiki hivyo. Mtu mwenye skizofrenia anahitaji ziara nyingi tulivu ambazo ndani yake hakuna kubwa linalotokea, na kutotokea kwa jambo kubwa ndiyo mafanikio yenyewe. Malipo kwa idadi ya ziara humpa muuguzi sababu ya kuharakisha mazungumzo. Malipo kwa idadi ya waliolazwa huipa hospitali sababu ya kuwalaza watu ambao wangetibiwa nyumbani. Taasisi ya akili inaweza kuiga nidhamu ya PBF, lakini inapaswa kuchagua vipimo vyake yenyewe.

Kuchora njia ya mgonjwa

Kazi ya kwanza, kabla ya kiashiria chochote, ni kuchora njia anayopita mgonjwa tangu dalili zilipoanza hadi maisha yake yaliporudi kwenye mstari. Mchoro huu hufanywa na watu wanaoijua njia: muuguzi wa mapokezi, mfamasia, daktari, ndugu wa mgonjwa, na mtu aliyewahi kuugua.

Mfano wa kawaida ni kijana fundi wa gereji Buyenzi anayeanza kukosa usingizi, kuzungumza peke yake na kuwashuku wenzake. Wiki za kwanza familia husema amechoka. Baadaye mama humpeleka kwa shehe asomewe dua. Pengine hupelekwa pia kwa mganga. Fedha ya mtaji wa dada anayeuza vitambaa Ruvumera huanza kutumika. Kijana akivunja kioo cha gari la mteja, jirani humwita mkuu wa nyumbakumi, na usiku huo anafikishwa Kamenge amefungwa kamba. Analazwa, anapewa haloperidoli, anatulia, anaruhusiwa akiwa na dawa za mwezi mmoja. Nyumbani shingo inakakamaa na mikono inatetemeka. Familia inadhani ugonjwa umezidi au dawa ni sumu. Dawa zinaachwa. Miezi mitatu baadaye kamba inatafutwa tena.

Kila kipande cha njia hii ni mahali ambapo ubora unaweza kupimwa. Ilichukua muda gani kutoka dalili ya kwanza hadi matibabu ya kwanza? Alifikaje, kwa miguu yake au kwa kamba? Je, alielezwa kwa Kiswahili, lugha anayoota nayo, au kwa Kifaransa cha karatasi ambacho mama yake hakisomi? Je, familia iliambiwa kwamba kukakamaa kwa shingo ni athari ya dawa inayotibika kwa kupunguza kipimo au kwa kuongeza dawa kama triheksifenidili? Nani alimpigia simu aliposhindwa kurudi? Hospitali inaweza kuwa imefanya kila kitu sawasawa kwa wiki tatu za wodini na bado matibabu yakashindwa kwa sababu ya dakika kumi za maelezo ambazo hazikutolewa mlangoni.

Viashiria vichache vyenye maana

Programu changa huharibika kwa wingi wa vipimo. Viashiria sita au saba vinavyokusanywa kila mwezi na kujadiliwa vina faida kuliko 60 vinavyojazwa ili kumridhisha mkaguzi. Kwa kituo kinachohudumia mtaa kama Buyenzi, vifuatavyo vina uzito mkubwa.

Cha kwanza ni kurudi baada ya ziara ya kwanza. Ikiwa wagonjwa wapya 40 wameandikishwa Machi na 22 kati yao wamefika kwenye miadi yao ya Aprili, kiwango ni asilimia 55. Nambari hiyo moja hubeba ndani yake bei ya usafiri, lugha ya muuguzi, athari za dawa na aibu ya kuonekana kliniki.

Cha pili ni ufuatiliaji baada ya kutoka wodini. Nchini Marekani, mipango ya bima ya afya hupimwa kwa kuangalia kama mgonjwa aliyetoka hospitali ya akili ameonwa tena ndani ya siku 7 na ndani ya siku 30. Siku hizo hazikuchaguliwa ovyo: wiki za mwanzo baada ya kuruhusiwa ndizo zenye hatari kubwa ya kujiua na ya ugonjwa kurudi. Kwa Bujumbura, ziara ya nyumbani au simu inaweza kuhesabiwa badala ya safari ya hospitali.

Cha tatu ni siku za kukosekana kwa dawa. Dawa tano zinatosha kufuatiliwa: haloperidoli, klopromazini, amitriptilini, karbamazepini na fenobarbitali. Ugavi wa dawa muhimu nchini hupitia CAMEBU, taasisi ya kununulia dawa hizo, na kituo hakina mamlaka juu ya kila kinachochelewa huko. Lakini kina mamlaka ya kuhesabu akiba yake kila wiki na kuagiza kabla rafu haijabaki tupu. Kukosekana kwa fenobarbitali si usumbufu wa kawaida. Mgonjwa wa kifafa aliyeizoea akiikosa ghafla anaweza kupata degedege mfululizo zinazoua. Siku ya rafu tupu inapaswa kuandikwa kama tukio la usalama, kwa uzito uleule wa mgonjwa aliyeanguka wodini.

Cha nne ni kufungwa na kutengwa: mara ngapi, kwa saa ngapi, kwa amri ya nani, na nini kilijaribiwa kabla. Cha tano ni matokeo yanayoelezwa na mgonjwa. Kwa kifafa ni idadi ya degedege kwa mwezi. Kwa sonona kuna dodoso la PHQ-9 lenye maswali tisa na alama kutoka 0 hadi 27, ambalo limetafsiriwa kwa Kiswahili na kutumika Afrika Mashariki. Kwa uwezo wa kuishi na kufanya kazi kuna WHODAS 2.0 ya WHO, yenye toleo fupi la maswali 12. Cha sita ni afya ya mwili: uzito, shinikizo la damu na sukari. Watu wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wenzao, wengi kwa maradhi ya mwili yanayozuilika. Cha saba kinawahusu wanawake walio katika umri wa kuzaa: hakuna anayepaswa kupewa valproati bila kuelezwa kwamba inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na bila kutafutiwa dawa mbadala.

Jaribio dogo kabla ya amri kubwa

Kupima bila kubadilisha chochote ni kuwachosha watu. Njia iliyoenea ya kuleta mabadiliko ni mzunguko wa hatua nne uliotokana na kazi za Walter Shewhart na W. Edwards Deming: panga, jaribu, chunguza, amua. Nguvu yake ni udogo. Badala ya mkurugenzi kutoa waraka kwamba kuanzia Jumatatu wagonjwa wote watapigiwa simu, muuguzi mmoja hujaribu kwa wiki moja na wagonjwa kumi.

Hatua zinaweza kwenda hivi. Daftari la kliniki linaongezewa safu tatu kwa kalamu: tarehe ya miadi ijayo, namba ya simu ya mgonjwa na ya jamaa aliyemchagua mwenyewe, na kilichotokea asipofika. Siku mbili kabla ya miadi muuguzi anapiga simu. Mwisho wa wiki anahesabu: namba ngapi zilipatikana, wangapi walifika, wangapi walisema hawana nauli, wangapi walijibu kwamba dawa zinawalemea. Akigundua kwamba namba nyingi hazipatikani kwa sababu watu hubadilisha laini, wiki inayofuata anajaribu kuandika namba mbili. Akigundua kwamba nauli ndiyo kikwazo, jaribio linalofuata ni kutoa dawa za miezi miwili kwa wagonjwa waliotulia, au kuwaruhusu wachukue dawa kwenye kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani. Kila jaribio hufundisha kwa gharama ndogo, na lililoshindwa huachwa bila mtu kuaibika.

Matokeo huwekwa kwenye mchoro wa mstari, mwezi baada ya mwezi, ukutani ambapo wafanyakazi wote wanauona. Mchoro huo huzuia makosa mawili: kushangilia mwezi mmoja mzuri na kumlaumu mtu kwa mwezi mmoja mbaya. Nambari hupanda na kushuka kwa kawaida yake. Nukta sita au zaidi mfululizo zikikaa upande mmoja wa mstari wa kati, hapo ndipo kuna sababu ya kuamini kwamba kitu kimebadilika kweli.

Ramadhani ni mahali pazuri pa jaribio la aina hii Buyenzi. Mgonjwa anayefunga huruka dozi ya mchana, au huacha dawa mwezi mzima kwa kudhani hana njia nyingine. Anayetumia lithiamu anaweza kudhurika, kwa sababu upungufu wa maji huongeza kiwango cha dawa hiyo kwenye damu. Kliniki inayojali ubora hupanga mapema: mwezi wa Shaabani kila mgonjwa anayekusudia kufunga hupitiwa, dozi zinazoweza kuhamishiwa futari na daku huhamishwa, na wale ambao kufunga ni hatari kwao huelezwa pamoja na imamu wanayemwamini. Idadi ya waliorudi wakiwa wamezidiwa katika Shawwal, ikilinganishwa na mwaka uliotangulia, ndiyo kipimo.

Sauti ya mgonjwa na mipaka ya siri

Kamati ya ubora isiyo na mgonjwa ndani yake hukosa taarifa ambazo hazipatikani popote pengine. Uganda imetoa mfano mzuri. Hospitali ya taifa ya Butabika, Kampala, kwa ushirikiano na taasisi ya huduma za akili ya London Mashariki, iliwafundisha watu waliowahi kuugua wawe wasaidizi wa wagonjwa wenzao, wakiwatembelea baada ya kutoka wodini. Mtu aliyepitia njia ileile huambiwa mambo ambayo daktari haambiwi: kwamba dawa zimefichwa chini ya godoro, kwamba shemeji amekataa kumlisha.

Buyenzi ina mtandao wake: wahudumu wa afya wa jamii, nyumbakumi, maimamu, vikundi vya akina mama vya kuweka akiba. Mtandao huo unaweza kuleta mgonjwa mapema, kabla ya kamba. Una hatari pia, kwa sababu katika mtaa ambapo nyumba zimeshikana, siri ya ugonjwa ikivuja inaweza kuvunja uchumba au kumfukuzisha mtu kazi. Kanuni inayofaa ni kwamba mgonjwa ndiye anayechagua nani ajue na ajue nini. Nyumbakumi anaweza kufundishwa dalili za hatari na namba ya kupiga bila kupewa orodha ya majina. Shehe anaweza kuendelea na dua huku akijua kwamba mtu asiyelala kwa wiki nzima anahitaji pia kuonwa na muuguzi. Idadi ya wagonjwa wanaofika kwa rufaa ya viongozi wa dini ni kiashiria chenye maana, maana huonyesha imani ambayo haiwezi kununuliwa.

Yaliyofanikiwa na yaliyovunjika kwingineko

Taasisi hiyohiyo ya London Mashariki ilianzisha programu kubwa ya kuboresha huduma mwaka 2014. Katika wodi sita za mtaa wa Tower Hamlets, wauguzi walianza kukutana kwa dakika chache mara kadhaa kwa siku kutabiri ni mgonjwa gani yuko katika hatari ya kulipuka na kumsaidia kabla, na suala la usalama likazungumzwa wazi pamoja na wagonjwa katika mikutano ya wodi. Matukio ya ukatili wa mwili yalipungua kwa asilimia 40. Hakuna mashine iliyonunuliwa. Kilichobadilika ni mazungumzo na ratiba, vitu ambavyo Bujumbura inaweza kumudu.

Detroit, nchini Marekani, hospitali za Henry Ford zilianza mwaka 2001 na lengo ambalo wengi waliliona haliwezekani: kwamba hakuna mgonjwa wa sonona aliye mikononi mwao atakayejiua. Kila mgonjwa alipimwa hatari, njia za kujiua ziliondolewa karibu naye, na miadi ilitolewa haraka. Kiwango cha kujiua miongoni mwa wagonjwa wao kilishuka kutoka 89 kwa kila watu 100,000 hadi wastani wa 22 katika miaka minne ya kwanza. Lengo la sifuri liliwalazimisha kuchunguza kila kifo kama kosa la mfumo, si kama bahati mbaya ya mtu mmoja.

Kenya ilionyesha upande wa pili. Mwaka 2011 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti kali juu ya kutelekezwa kwa huduma za afya ya akili nchini. Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka hospitali ya Mathari, Nairobi, na habari zikaenea dunia nzima. Ukaguzi unaoishia kwenye ripoti, bila mtu aliyepewa jukumu, bajeti na tarehe, huwaacha wagonjwa walipokuwa.

Nani asimamie, na aepuke nini

Programu inahitaji mtu mmoja mwenye jina la kazi hiyo na muda wa kuifanya, hata siku moja kwa wiki, na kamati ndogo inayokutana kila mwezi chini ya uongozi wa mkuu wa kituo mwenyewe. Mkuu asipohudhuria, wafanyakazi hujua kwamba jambo si la maana. Mahali ambapo madaktari bingwa wa akili wanahesabika kwa vidole, uti wa mgongo wa kamati ni wauguzi, na bingwa huja kusimamia: kupitia mafaili kadhaa kila mwezi pamoja na muuguzi aliyeyaandika, na kujadili kila uamuzi. Mafunzo ya mwongozo wa mhGAP, uliotolewa na WHO mwaka 2010 na kuboreshwa mwaka 2016 kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa, hufifia haraka yasipofuatwa na usimamizi wa namna hii.

Hatari kubwa ni tatu. Ya kwanza ni nambari za uongo. Muuguzi anayeadhibiwa kwa kiashiria kibaya atajifunza kuandika kizuri, na kuanzia siku hiyo kituo kinakuwa kipofu. Taarifa za makosa zinapaswa kupokelewa kwa shukrani, na adhabu ibaki kwa ukatili na uzembe wa makusudi. Ya pili ni kuwalundikia kazi watu waliochoka. Kila fomu mpya inapaswa kuondoa fomu ya zamani. Ya tatu ni kutegemea mfadhili mmoja. Vipimo vinavyotumia daftari, kalamu na simu vitaendelea fedha za mradi zikiisha. Vinavyotegemea tableti na mshauri kutoka nje mara nyingi huondoka naye.

Mwaka wa kwanza unaweza kupangwa hivi. Miezi mitatu ya mwanzo ni ya kuchora njia na kujua hali ilivyo, bila kubadilisha kitu. Miezi mitatu inayofuata ni ya viashiria viwili tu, kurudi kwa wagonjwa na upatikanaji wa dawa, pamoja na majaribio madogo juu yake. Nusu ya pili ya mwaka huongezwa ufuatiliaji baada ya kutoka wodini na rekodi ya kufungwa na kutengwa, kisha mgonjwa na ndugu wa mgonjwa huingia rasmi kwenye kamati. Mwishoni mwa mwaka kituo husoma hadharani matokeo yake, mazuri na mabaya, mbele ya kamati ya afya ya mtaa na wawakilishi wa familia, na kusema ni kipi kitarekebishwa mwaka unaofuata, na nani, na kufikia tarehe gani.